Watumishi wa Kodak

Mji wa Rochester uko kaskazini mwa jimbo la New York, karibu na ziwa Ontario. Kijana aliyezaliwa mjini humo miaka ya 1950 aliweza, kabla hajamaliza shule, kukutajia mahali atakapofanya kazi maisha yake yote. Baba yake alikuwa Kodak, ami zake pia, na pengine babu yake. Historia ya kampuni hiyo imeandikwa mara nyingi, lakini kwa kawaida huandikwa kana kwamba kampuni ni wakubwa wake tu. Yafaa tuitazame safari hii kutoka mlango walioingilia watumishi.

Mwanzilishi wake, George Eastman, alikuwa karani wa benki. Katika ujana wake mpiga picha alichukua mizigo kama ya msafara: hema, vioo vizito, na chupa za dawa. Eastman alianza kutengeneza vioo vikavu vya kupigia picha mwaka wa 1880, na mwaka wa 1888 akatoa kamera ndogo yenye ukanda wa filamu uliotosha picha 100. Mwenye kamera akizimaliza, aliipeleka kamera nzima Rochester, akarudishiwa pamoja na picha zake, na filamu mpya ndani yake. Mwaka wa 1900 ikatoka kamera ya dola moja, na kazi ya wachache ikawa mchezo wa watoto.

Biashara ilipokua, Eastman aliwafanyia watumishi wake mambo ambayo viwanda vingi vya zama zake havikuyafanya. Tangu mwaka wa 1912 kila mtumishi alipata, juu ya mshahara, mgao wa faida mara moja kwa mwaka. Mwaka wa 1919 Eastman aligawa theluthi moja ya hisa zake mwenyewe kwa watumishi. Mwaka wa 1928 kukawa na malipo ya uzeeni, bima ya maisha, na msaada kwa aliyepata kilema. Majira ya mgao yakifika, wenye maduka ya Rochester walijiandaa kama wafanyabiashara wa kwetu wanavyojiandaa kwa mkesha wa Idi au Krismasi.

Je, huo ulikuwa ukarimu mtupu? Sidhani. Mtumishi aliyeshiba mgao hakuona haja ya chama cha wafanyakazi, na kwa kweli vyama havikupata kushika mizizi Kodak. Basi mtumishi alikuwa kama mtoto katika nyumba ya baba mwema: hakosi chakula, wala haulizwi neno. Tena si wote walioingia nyumba hiyo. Weusi wa Rochester waliachwa nje, au walipewa kazi za chini. Baada ya ghasia za mwezi wa Julai 1964, wananchi hao waliunda chama kilichoitwa FIGHT, kikiongozwa na Mchungaji Franklin Florence. Desemba 1966 mkubwa mmoja wa Kodak alitia sahihi mkataba wa kuajiri watu 600. Siku mbili hazikupita, kampuni ikaukana mkataba. Ilihitajika nusu mwaka nyingine ya mabishano, hata mbele ya mkutano wa wenye hisa, kabla ya kupatikana mapatano Juni 1967.

Waliokuwa ndani walifanya kazi ya namna gani? Filamu huharibika ikiguswa na mwanga. Kwa hiyo, katika majumba makubwa ya Kodak Park, sehemu kubwa ya kazi ilifanyika gizani. Ukanda mpana ulipakwa tabaka nyembamba za dawa iliyochanganywa na fedha, ukakaushwa, ukakatwa, ukaviringwa, na watu waliofanya hayo hawakuona vidole vyao wenyewe. Mgeni aliingia akapapasa ukuta. Mzoefu alitembea wima. Masikio yalijua sauti ya mashine iliyo nzima na ya iliyougua, na ncha za vidole zilijua ukingo uliokatwa vibaya. Elimu hiyo haikupatikana kitabuni, ila kwa miaka mingi karibu na mkongwe. Lakini ilikuwa na kasoro moja: nje ya kuta zile ilikuwa vigumu kuiuza. Seremala akifukuzwa huondoka na ufundi wake. Mpakaji wa filamu angeupeleka wapi wake?

Mwaka wa 1975 kijana mmoja, Steven Sasson, mhandisi wa Kodak, aliunda katika maabara ya kampuni kamera isiyotumia filamu kabisa. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja isiyo na rangi kwenye ukanda wa kaseti, na picha hiyo ikatazamwa katika televisheni. Sasson mwenyewe amesimulia kwamba wakubwa walishangaa ni nani angetaka kutazama picha zake namna hiyo. Mwaka wa 1981 uchunguzi uliofanywa ndani ya kampuni ulionyesha kwamba picha za namna mpya zingekuja kuishinda filamu, na kwamba Kodak ilikuwa na miaka kumi hivi ya kujitayarisha. Mwenye kivuko hafurahi kusikia kwamba daraja linajengwa. Na hapa mchoro wa daraja ulitoka nyumbani mwake. Faida ya filamu ilikuwa kubwa mno, nani angeigusa?

Mwaka uliofuata, 1982, Kodak ilikuwa na watumishi zaidi ya 60,000 Rochester peke yake. Kisha kupunguzwa kukaanza, fungu kwa fungu. Mwaka wa 1986 ilitangazwa kwamba zaidi ya 10,000 wangeondoka. Mwaka wa 1997 likaja tangazo jingine la namna hiyo. Mwaka wa 2004 kampuni ilisema itaondoa kati ya 12,000 na 15,000 katika miaka mitatu. Msomaji asidhani kwamba aliyebaki alikuwa na heri. Alibaki na kazi ya mwenzake juu ya kazi yake, na kila tangazo lilimfanya ahesabu miaka iliyosalia kabla ya kustaafu. Wengine wamezoea kusema kwamba watu wa Kodak walilala usingizi. Wakubwa huenda walilala. Mtu anayesubiri barua ya kuachishwa kazi halali.

Mwaka wa 2007 baadhi ya majumba ya Kodak Park yaliangushwa kwa baruti. Watumishi wa zamani walikuja wakasimama mbali kutazama. Jumba lililokuwa giza miaka mingi lilianguka mchana kweupe kwa muda wa sekunde chache, na vumbi likapanda.

Mwaka wa 1912 ulikuwa mwaka wa mgao wa kwanza. Tarehe 19 Januari 2012 Kodak iliiomba mahakama iilinde na wadai wake. Katika mashauri yaliyofuata malipo ya uzeeni ya wastaafu wa Marekani yaliokoka, lakini matibabu waliyoahidiwa yalikatwa mwisho wa mwaka huo, na maelfu ya wazee wakaanza kutafuta bima wakiwa na nywele nyeupe. Hakuna aliyewauliza neno mwaka wa 1975, wala mwaka wa 1981.

Kampuni ilitoka mahakamani Septemba 2013, ikiwa ndogo sana. Hata hivyo filamu haikufa. Waongozaji kadhaa wa sinema waliendelea kuipenda kuliko picha za kompyuta, na Kodak inaendelea kuitengeneza Rochester. Katika miaka ya karibuni imelazimika kuajiri mafundi wapya, ambao huingizwa gizani na kufundishwa, kama zamani, kutembea bila kupapasa ukuta.