Mashine ni Ileile

Mjomba wangu na mama mwenye mashine ya kusaga hawakusemezana kwa miaka saba. Hawakuwahi kutukanana, walikuwa wanasalimiana kwa kikohozi. Steshenari ya mjomba na mashine ya yule mama zinagawana ukuta mmoja mjini Kasulu, lakini mahindi ya nyumbani kwa mjomba yalipakiwa kwenye bodaboda na kupelekwa kusagwa upande wa pili wa mji, kwa nauli iliyozidi bei ya kusaga debe lenyewe. Mkewe alipouliza jambo hilo litaisha lini, alijibiwa kwamba litaisha siku mashine itakapoacha kuharibu vifaa vya watu.

Mwaka 2024 binamu yangu alimletea baba yake monita ya mtumba kutoka Kariakoo, ya inchi 27, ya 4K, ya kutengenezea kadi za harusi na mabango. Picha ilikuwa safi mno, ungeweza kuhesabu nyuzi za shela la bibi harusi. Wiki haikuisha kioo kikaanza kupepesa. Kilizima sekunde moja au mbili, kikarudi. Mara nyingine vilitokea vinukta vyeupe vinavyomeremeta, kama mtu amepuliza unga mbele yake. Na kila kilipozima sana, ng'ambo ya ukuta mota ilikuwa ndiyo kwanza inawashwa.

Nilipigiwa simu nikiwa Kibondo, kwa sababu mimi ndiye mtu wa kompyuta katika ukoo, cheo nilichovishwa siku niliyorudi na diploma. Kabla hata sijafika nilikuwa nimeshaambiwa jibu: ni umeme mdogo, na umeme mdogo unaletwa na mashine.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana ni rahisi kumcheka mjomba, na hastahili kuchekwa.

Kwa muda mrefu nyanda za juu za Kigoma zilikuwa nje ya Gridi ya Taifa. Katika miaka ya 2010 miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme kutoka kwenye majenereta ya dizeli, kila mji na ya kwake. Mtu aliyekulia Dar es Salaam anaweza asielewe maana yake. Gridi kubwa ni kama ziwa: ukichota ndoo moja, hakuna anayeona. Mji unaolishwa na majenereta machache ni kama pipa. Mota ya mashine ya kusaga, inapoanza kuzunguka kutoka kusimama, huvuta umeme mara tano au zaidi ya ule inaoutumia ikiwa imeshakolea mwendo. Kwenye pipa, ndoo hiyo inaonekana. Balbu za mtaa mzima zilikuwa zinafifia na kugeuka rangi ya chai, kisha zinarudi taratibu. Utotoni kwetu Kibondo tulikuwa tunajua nani amefungua kazi bila kutoka ndani.

Na vioo vya enzi hizo havikuwa na siri. Televisheni na kompyuta za chogo zilirusha miale ya elektroni kwenye kioo, ikisukwasukwa na sumaku. Umeme uliposhuka, kwenye nyingi ya hizo picha ilisinyaa, ikaacha utepe mweusi pembeni. Kwenye kibanda cha video watu walipiga kelele kabla sinema haijakatika, kwa kuwa ule utepe ulikuwa onyo.

Vioo vyenyewe vilichelewa kufika huku. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, miaka ishirini baada ya Zanzibar kuwa na televisheni ya rangi. Mimi kompyuta yangu ya kwanza niliiona kwenye ofisi ya shirika la wakimbizi pale Kibondo, nikiwa nimemfuata mama aliyekuwa anapeleka mboga. Mashirika hayo yalikuja na majenereta yao wenyewe, na yalipofunga ofisi vifaa vyao viliingia mitaani. Kompyuta ya kwanza ya mjomba ilikuwa chogo la aina hiyo, zito kuliko gunia la maharage, alilolinunua mnadani.

Aliliweka kwenye ukuta wa mashine, kwa sababu ndipo ilipokuwa soketi.

Chogo lile lilikuwa linayumba. Si kuzima: mistari ya maandishi ilitetemeka kulia na kushoto, kama inatazamwa kupitia joto la barabara. Mjomba akanunua stabilaiza, ambayo kwa fedha ya wakati ule ilikuwa mbuzi wawili. Maandishi yakaendelea kutetemeka. Leo naweza kumweleza kwa nini. Kioo chake kilichora picha mara 60 kwa sekunde. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na mota iliyo karibu hutoa sumaku inayogeuka kwa kasi hiyohiyo, ikapenya tofali na kuvuta miale ndani ya chogo. Sitini ukitoa hamsini ni kumi, na huo ndio mtetemo uliokuwa unaonekana, mara kumi kwa sekunde. Stabilaiza haiwezi kuzuia sumaku. Kuhamisha meza mita mbili tu kungetosha. Hakuna aliyemwambia, na mimi wakati huo nilikuwa sekondari nikikariri kanuni za sumakuumeme bila kufikiri kwamba zinamhusu mjomba.

Halafu ikaja ile jioni ya 2017. Alikuwa anachapa mitihani ya shule, kazi ya siku tatu. Mashine ikawashwa, taa zikafifia, kompyuta ikazima na haikuwaka tena. Alichapa upya usiku kucha kwenye kompyuta ya kuazima, na asubuhi alikwenda kusema na yule mama. Yule mama akamjibu kwamba umeme analipia kama yeye. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hapo ndipo mahindi yalipoanza kupanda bodaboda.

Oktoba 2022, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan, mkoa wetu uliunganishwa na Gridi ya Taifa kupitia njia inayotoka Nyakanazi, mkoani Kagera, na majenereta yakazimwa. Watu walizungumzia ukimya. Mimi nilizungumzia balbu, kwa kuwa niligundua nimekuwa nikizitazama maisha yangu yote bila kujijua.

Kwa hiyo nilipofika Kasulu sikutaka kubishana. Nilitaka kupima.

Kwanza nilifungua Task Manager na kuikodolea macho. Kwenye Windows, kama kila kitu kinapepesa na dirisha lile limetulia, mshukiwa ni programu fulani. Likipepesa nalo, tatizo liko chini zaidi. Nalo lilizima pamoja na mengine. Nikafuta draiva ya kadi ya picha na kuiweka upya, kazi iliyomaliza bando langu. Kikazima.

Basi twende kwenye umeme wenyewe. Mjomba ana UPS, na kompyuta na monita zote zimechomekwa humo. Nikachomoa UPS ukutani. Sasa vyote vilikula betri, bila waya wowote wa umeme wa nje. Nikamwambia, sasa mashine ikiwashwa, na kioo kikizima, mashtaka yako yamekufa. Tukakaa tunangoja kama wavuvi. Ng'ambo ya ukuta mota ikanguruma.

Kioo kikazima.

Mjomba aliniangalia kwa huruma kabisa. "Mwanangu," akasema, "sasa umeme wa huyu mama unapita hewani?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Ndiyo, kwa namna fulani ulikuwa unapita hewani.

Monita bapa si chogo. Ndani yake, au kwenye adapta yake, kuna kifaa kinachokubali umeme wa kati ya volti 100 na 240, kikaugeuza kuwa mkondo mnyoofu. Mfifio uliokuwa unasinyaza picha zamani, hiki hakiujali. Udhaifu wake umehamia kwingine. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane. Kila moja inataka biti 24, na zote zinapelekwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha, unapata karibu gigabiti 12 kila sekunde kwenye waya mwembamba kuliko kidole. Monita ya kawaida ya 1080 inataka robo ya hiyo.

Nikafuata waya kwa mkono. Kebo ya HDMI ilikuwa ileile ya monita ya zamani, ya mita tano, imekunjwa na kufungwa kwa utepe, na ule mkunjo wote umelala juu ya ukuta wa mashine. Swichi ya mota inapofunga hutoa cheche, na cheche hutawanya kelele za redio. Kebo yenye kinga hafifu, iliyobeba mzigo ulioizidi, huzidaka kama antena. Monita ikipoteza hesabu ya biti inazima, inaanza kujitambulisha upya kwa kompyuta, inarudi. Zile sekunde mbili.

Nilishusha kasi ya kioo kutoka 60 hadi 30, yaani mzigo nusu. Kipanya kikawa kizito, kinaburuta. Mota ikawashwa mara nne jioni ile, na kioo hakikuzima hata mara moja.

Kebo mpya, ya mita moja na nusu, iliyoandikwa kuwa inabeba gigabiti 18, ilikuja na basi siku mbili baadaye. Tulihamisha na meza. Mjomba alirudisha kasi kuwa 60, akaketi, akangoja ngurumo, na ilipokuja hakutazama kioo. Alitazama balbu.

Nilimweleza yote, na sumaku ya chogo, na zile mbuzi wawili za stabilaiza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ilikuwa mashine," akasema. Nikasema ilikuwa mashine, mara zote tatu, ila dawa mara mbili ilikuwa ndani ya duka lako. Hakujibu. Alichukua kitambaa akafuta monita ambayo haikuwa na vumbi.

Jumamosi alimtuma mwanawe mdogo mlango wa pili na debe la mahindi. Mwenyewe hakwenda. Mtoto alirudi na unga bado una joto. Yule mama alikuwa amemtoza bei kamili, na kumpa salamu: "Mwambie baba yako mashine ni ileile."