Mtumba wa Ratili 60

"Mrembo, cheki hii. Hii ni ya wawindaji wa majuu. Hata mvua ikunyeshee wiki nzima, nguo zako zitabaki kavu."

Jamaa wa Gikomba alikuwa ameshika begi la duffel la rangi ya majani makavu, refu kama mtoto wa darasa la pili. Alilivuta mikanda, akalipiga kofi, akalimwagia maji ya chupa. Maji yakateleza hadi chini. "Thao mbili na nusu," akasema. Nikamwambia nina thao moja. Akacheka kama mtu aliyetukanwa.

Nilikuwa naenda kupiga kambi karibu na Tsavo, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza. Begi langu la zamani lilikuwa limenitoa machozi safari iliyotangulia: lilifungwa juu ya matatu, mvua ikaja, na nilipolifungua kila kitu kilikuwa kinachuruzika maji. Kwa hivyo nililikagua hili kwa makini. Ila neno moja lilinikwama kichwani. Wawindaji. Wawindaji gani? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Mimi ni kizazi ambacho hakijawahi kuona mtu akienda kuwinda kihalali, isipokuwa kwenye picha za rangi ya kahawia: mzungu amekaa juu ya simba aliyekufa, na nyuma yake wanaume Waafrika wasio na majina, wamebeba mizigo.

Nikaanza kujiuliza kuhusu hiyo mizigo.

Kabla ya mzungu wa kwenye picha, nyika ninayoenda kupigia kambi ilikuwa ya Waata. Walikuwa wawindaji wa ndovu, wenye pinde ndefu ambazo watu wengi hawangeweza kuzivuta. Silaha yenyewe hasa ilikuwa sumu, iliyochemshwa kutoka kwa mti wa msunguti hadi ikawa nzito na nyeusi kama lami. Sumu hiyo ina maadui wawili, jua linaloikausha na mvua inayoiosha. Kwa hivyo kila kichwa cha mshale kilizungushiwa kipande chembamba cha ngozi laini, kisha mishale ikaingia ndani ya podo la ngozi lenye kifuniko. Ngozi ile pia ilimlinda mwenyewe asijichome. Podo lilikuwa jibu la swali lilelile nililokuwa nalo Gikomba: nitabebaje kitu muhimu porini bila hali ya hewa kukiharibu? Tofauti ni kwamba Mwaata alilibeba mwenyewe, begani mwake.

Halafu kuna misafara. Katika karne ya 19, misafara ya biashara ilitoka pwani kwenda bara ikiwa na vitambaa, shanga na nyaya, ikarudi na pembe. Vitambaa vilikunjwa na kufungwa kwa nguvu hadi vikawa kifurushi kigumu ambacho mtu mmoja angeweza kukibeba. Kifurushi hicho kiliitwa mtumba. Ndiyo, mtumba. Neno tunaloliita Gikomba nzima leo lilikuwa jina la mzigo wa mpagazi. Tulisahau mpagazi, tukabaki na mzigo.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa. Alikuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, na alikuja na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Walipanda treni hadi kituo cha Kapiti, ambako wapagazi zaidi ya 200 walikuwa wakiwangoja. Kulikuwa na hema, bunduki, vyakula vya makopo, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Baba na mwana waliua wanyama 512.

Katika mizigo hiyo kuna mmoja ambao siwezi kuusahau. Roosevelt alipenda kusoma, na alijua kwamba jalada la kawaida la kitabu haliwezi kustahimili jasho, damu, vumbi na mafuta ya bunduki. Kwa hivyo vitabu vyake vilijalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, vikawekwa ndani ya kasha la alumini na kitambaa kilichopakwa mafuta. Kasha lote lilipimwa lisizidi ratili 60, kama kilo 27. Kwa nini 60? Kwa sababu huo ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ratili 60 ndiyo ilikuwa kipimo cha kila kitu. Masanduku, mafurushi ya hema na magunia ya chumvi yalipangwa kulingana na kile ambacho shingo na mgongo wa mwanamume vingeweza kubeba siku nzima, kesho yake tena. Mwili wa mpagazi ndio uliokuwa mizani, na anayemiliki mzigo hakuhitaji kujua uzito wake kwa mgongo wake mwenyewe.

Uimara wa vifaa vya safari hizo haukuwa wa bahati. Wazungu walikuja na turubai la Willesden, lililopewa jina la mtaa mmoja wa London. Turubai la pamba lilipitishwa kwenye mchanganyiko wa shaba na amonia, likatoka na rangi ya kijani na uwezo wa kukataa maji na kuoza. Mabaharia walikuwa wametangulia kwa karne kadhaa, wakipaka tanga zao mafuta. Duffel nayo ni mji mdogo Ubelgiji, karibu na Antwerp, uliojulikana kwa kitambaa kizito cha sufu. Jina la kitambaa likahamia kwa begi, begi likahamia kwa wanajeshi, na kutoka kwa wanajeshi likafika hadi Gikomba.

Mzigo haukuishia kwa wawindaji. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Afrika Mashariki, wanaume wale wale walisombwa kwenda kubebea jeshi la Uingereza. Makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa na njaa, si risasi. Kambi ya kikosi chao Nairobi ilitupa jina Kariokor, mwendo wa dakika chache kutoka pale nilipokuwa nikibishana bei. Kwenye Kenyatta Avenue kuna ukumbusho wenye sanamu tatu, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kichwa hakikutajwa.

Vita vilipoisha, serikali iliwaletea wanaume hao mzigo mwingine, kipande. Kilikuwa karatasi ya kazi na alama za vidole, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mvua haikukiingia. Wakoloni walijua kutengeneza vitu vya kustahimili hali ya hewa wakiamua.

Na Waata? Msafara wa Roosevelt uliwinda kwa leseni. Leseni kubwa ya wageni wakati huo iliuzwa pauni 50, na podo halikuwa na leseni. Tsavo ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1948, na katika operesheni ya miaka ya 1956 na 1957 wawindaji wengi wa Waata walikamatwa na kufungwa. Kitendo kilikuwa kimoja, kuua ndovu. Mmoja akaitwa mwanaspoti, mwingine jangili. Sisemi ndovu waendelee kuuawa. Marufuku ya 1977 ilikuja wakati wanyama walikuwa wakiisha, na ninafurahi kwamba nitalala hemani nikiwasikia. Nasema tu kwamba jina ulilopewa lilitegemea begi ulilobeba, na nani alikubebea.

Sasa turudi Gikomba, maana najua kuna mtu anasoma hapa akitaka kujua kama nilinunua. Hiki ndicho nilichoangalia. Maji ya chupa hayathibitishi kitu. Kitambaa karibu chochote cha begi la aina hii kitayatelezesha kwa muda mfupi. Maji huingilia kwenye zipu na kwenye mshono. Geuza begi nje ndani: kama ndani kunanata au kunabambuka vipande kama ngozi iliyochomwa na jua, ule utando wa kuzuia maji umeshakufa kwa joto na unyevu, na hakuna fundi wa kuufufua. Hivyo ndivyo langu la zamani lilivyokufa. Namba zinazoandikwa 600 au 1000 ni uzito wa uzi, yaani gramu za uzi wa mita 9,000. Kubwa ni imara zaidi, lakini pia ni nzito zaidi. Mwisho, vuta mikanda pale iliposhonewa, kwa sababu begi likijaa hapo ndipo huachia.

Hili lilipita, isipokuwa zipu moja. Tukakubaliana thao moja na soo nne.

Nilipokuwa nalipa, sauti ikapigwa nyuma yangu: "Mzigo! Mzigo! Kando!" Nikaruka pembeni. Kijana wa rika langu akapita ameinama, belo zima la nguo likiwa mgongoni, limefungwa kwa plastiki na kamba hadi limekuwa gumu kama jiwe. Sikuona uso wake. Nilimuuliza muuzaji lile belo lina kilo ngapi.

"Arobaini na tano," akasema, akihesabu pesa zangu. "Hizo ndogo."