Kinamasi ambacho reli ilikataa kukihama

Treni ya kutoka Syokimau ikisimama katika stesheni kuu ya Nairobi, wasafiri wa Madaraka Express huteremka na mabegi yao. Wametoka Mombasa kwa reli mpya, wakashushwa nje ya mji, wakapanda treni nyingine kumalizia safari kwenye reli ya zamani. Jioni hupishana mlangoni na wafanyakazi wanaokimbilia mabehewa ya Embakasi, Ruiru na Kikuyu, huku makanga wa kituo cha matatu cha Railways wakiita watu wa Rongai na Ngong.

Serikali inataka kuzigeuza ekari 425 zinazoizunguka stesheni hii kuwa mtaa mpya wa kisasa, Nairobi Railway City, wenye stesheni mpya ndani yake. Katika mradi wa ukubwa huo, swali la nani ana haki gani juu ya ardhi haliepukiki. Hapa swali hilo lina umri sawa na reli yenyewe.

Katika kuifuatilia habari hii nimemtegemea sana M. F. Hill, ambaye kitabu chake, Permanent Way, kilitolewa mwaka 1949 na shirika la reli. Msomaji ajue basi kwamba sehemu kubwa ya kisa hiki inasimuliwa na mwenye nyumba.

Reli ilianzia Mombasa mwaka 1896. Mafundi na vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Mwishoni mwa Mei 1899 mataruma yakafika maili ya 327, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji yake baridi. Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji wa reli, aliona uwanda wa matope usio na makazi, wenye wanyama tu. Wafugaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe hapo hawakuwamo katika hesabu yake.

Kwa mhandisi mkuu, George Whitehouse, mahali hapo palitosha. Mbele yake kulikuwa na mlima wa kupandia nchi ya Wakikuyu, kisha mteremko mkali wa kuingia Bonde la Ufa, na huo ndio ulikuwa uwanda wa mwisho wa kujengea karakana na njia za kupangia mabehewa. Maji ya kunyweshea vichwa vya treni yalikuwepo. Akayahamisha makao makuu ya reli kutoka Mombasa, na mahema yakasimama kinamasini.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. John Ainsworth, mtawala wa mkoa wa Ukamba, alihama Machakos mwaka huohuo akifuata reli, akakuta kila kitu kina mwenyewe. Ukanda wa maili moja kila upande wa njia ulihesabiwa kuwa wa reli, na reli haikuwa chini yake. Wakubwa wa reli walikuwa London. Mtu aliyetumwa kutawala mji akawa mgeni ndani yake. Akavuka mto, akajenga ng'ambo, upande wa kilima kilipo leo Makumbusho ya Taifa. Kwa muda Nairobi ikawa na wakubwa wawili, kila mmoja na ukingo wake wa mto.

Wenye reli walijipangia mji wao kama wanavyopanga mabehewa kwa madaraja. Maofisa Wazungu walipanda kilimani, kwenye hewa safi, ambako siku hizi tunapaita Upper Hill. Wafanyakazi wa chini walibaki tambarare, Wahindi wakasongamana sokoni kwenye maduka ya mabati, na Mwafrika hakuwekewa mahali katika mchoro. Landi zake, yaani makazi ya wafanyakazi wa reli, zilikuja baadaye. Jina la mtaa wa Landi Mawe bado linatukumbusha.

Kinamasi kikadai chake. Mwaka 1902 tauni ilizuka na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto. Mwaka 1904 madaktari walishauri mji mzima uhamishiwe mahali penye mwinuko. Ulikuwa ushauri wa busara, ila ulichelewa: nani angeng'oa karakana, njia za reli na nyumba ambazo fedha zake zilishamwagwa? Winston Churchill, aliyepita hapa mwaka 1907 akiwa naibu waziri wa makoloni, aliona ubaya wa mahali lakini naye aliandika kwamba wakati wa kuhama umekwisha kupita. Madaktari wakashindwa na mataruma. Sijui kama kuna mji mkuu mwingine uliobaki mahali pake kwa sababu hiyo tu.

Yaliyofuata ni mengi, nayataja mbiombio. Matawi yalitoka hapa kuelekea Thika na Nanyuki. Katika miaka ya 1950 yalikuja majitu ya mvuke ya daraja la 59, yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja lao, Mount Gelai, limetulia kwenye makumbusho ya reli, umbali mfupi kutoka stesheni. Shirika la pamoja la reli la Kenya, Uganda na Tanzania lilivunjika mwaka 1977. Mwaka 1998 bomu la ubalozi wa Marekani lililipuka hatua chache kutoka hapa. Ukodishaji wa reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways ulianza 2006 na kufa 2017, mwaka uleule SGR, reli mpya ya Mombasa, ilipozinduliwa.

Na treni ya abiria ya SGR kutoka Mombasa ikaishia Syokimau. Tulikopa mabilioni kujenga reli inayomwacha abiria nje ya mji, kisha tukaiachia reli ya Whitehouse kazi ya kumfikisha. Wanaochora mtaa mpya wangeanza na kasoro hiyo kabla ya kuchora maghorofa.

Wangekumbuka pia kinamasi kilicho chini ya sakafu. Aprili 2024, mvua ilipoizidi Nairobi, Kenya Railways ilisimamisha treni za abiria wa mjini, na watu wa Embakasi na Ruiru wakatafuta njia nyingine ya kufika nyumbani.