Shilingi ya nani? Historia fupi ya vigeu vya wote

Leo nataka tuzungumzie kosa nililolifanya hapa Kehancha mwaka 2006, halafu tuone kwamba kosa lenyewe lina umri mkubwa kuliko mimi.

Nilimwandikia mfanyabiashara mmoja wa mahindi programu ya PHP ya kuhesabu mauzo. Mpaka wa Isebania na Sirari hauko mbali, kwa hiyo wateja wake walilipa kwa shilingi ya Kenya au ya Tanzania. Nikaweka kigeu kimoja, $sarafu, ambacho fankisheni zote ziliweza kukisoma na kukibadilisha. Hicho ndicho kigeu cha wote. Malipo yakiwa ya Tanzania, fankisheni ya ripoti ilikiweka TZS, kisha igawanye kiasi kwa 17. Lakini kabla ya kugawanya iliita fankisheni ya risiti, nayo kimyakimya ikakirudisha KES. Basi shilingi 17,000 za Tanzania, ambazo zilikuwa 1,000 za Kenya, zikaandikwa 17,000 za Kenya. Jioni kompyuta ikadai pesa ambazo hazikuwamo sandukuni. Kijana wa dukani nusura afukuzwe kwa wizi, na mwizi alikuwa mstari wangu mmoja!

Tatizo hili lilianza zamani. FORTRAN ilitolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake. Mwaka 1958 FORTRAN II ikaleta programu ndogo pamoja na njia mbili za kuzipa data: parameta, yaani unaikabidhi thamani mkononi, na COMMON, sehemu ya kumbukumbu inayotumiwa na wote. COMMON ilipendwa kwa sababu kumbukumbu ilikuwa haba. IBM 704 haikuzidi maneno 32,768. Lakini COMMON ilifuata nafasi, si majina. Ukipanga vigeu kwa utaratibu tofauti katika programu ndogo mbili, thamani zinabadilishana viti na hakuna anayekuonya.

ALGOL 60 ikaja na vigeu vya ndani, vinavyojulikana ndani ya kipande chao tu. Mwaka 1973 William Wulf na Mary Shaw wakaandika makala ya kuvishtaki waziwazi vigeu vya wote. Hata hivyo somo halikuisha. PHP yenyewe ilikuwa na register_globals: mtu akiongeza ?msimamizi=1 kwenye anwani ya ukurasa, kigeu $msimamizi kilizaliwa ndani ya programu yako, na kama hukukipa thamani mwenyewe, mgeni amekuwa bosi. Ilizimwa kama chaguo la kawaida katika toleo 4.2.0 mwaka 2002, ikaondolewa kabisa katika 5.4 mwaka 2012.

Sisi wa mpakani tungepaswa kulijua hili mapema. Tangu 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa moja. Ukisema "shilingi mia" Kehancha au Tarime, maana ni ileile. Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ikatoa shilingi yake. Mwanzoni zililingana thamani, kwa hiyo mazoea ya zamani yaliendelea kufanya kazi. Baadaye zikaachana, na tangu hapo muuzaji yeyote mwenye akili huuliza: "Shilingi ya wapi?"

Swali hilo ndilo parameta. Nilirekebisha programu ikawa badilisha($kiasi, $sarafu, $kiwango): kila fankisheni inaambiwa inachohitaji, inajibu, haigusi cha mwenzake. Ndiyo, unaandika zaidi, na parameta zikifika kumi ni heri uzifunge pamoja. Na kitu kisichobadilika, kama idadi ya senti katika shilingi, hakuna ubaya kikiwa cha wote. Hatari ni kile ambacho kila mtu anaweza kukibadilisha na hakuna anayeulizwa.

Yule kijana aliombwa radhi, na mimi nilimwomba pia. Haya, tuonane tena.