Tunguu na Mapigo ya Moyo wa John Glenn

Waandishi wa historia ya Unguja wanapotoka mjini kuelekea kusini huwa na haraka ya kufika Kizimkazi, ambako maandishi ya Kikufi ndani ya msikiti yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, na wenye nafasi zaidi huchepuka kwanza kulitazama gofu la kasri la Mwinyi Mkuu huko Dunga. Tunguu hupitwa bila ya mtu kugeuza shingo. Kwa historia ya kale huenda wana udhuru, lakini kwa historia ya karne ya 20 hawana, kwa sababu jioni ya Jumanne, Februari 20, 1962, habari iliyoshika dunia nzima ilipitia Tunguu, na simulizi za Kimarekani zilizoandikwa baadaye zikaridhika kupataja mahali hapo kwa neno moja tu, "Zanzibar", kama jina la stesheni katika ratiba ya gari moshi.

Kilichokuwapo Tunguu kilikuwa kituo cha NASA, yaani shirika la anga za juu la Marekani, kimoja kati ya vituo 18 vilivyotawanywa nchi kavu na baharini kwa ajili ya mradi wa Mercury, ambao lengo lake lilikuwa kumpandisha mtu angani, kumzungusha dunia na kumrudisha akiwa hai. Kwa kuwa mawimbi ya redio yaliyotumika hayapindi kuufuata mviringo wa dunia, kila kituo kilikisikia chombo kwa dakika chache tu kabla hakijazama upeoni, hivyo Kano ya Naijeria ilikikabidhi kwa Zanzibar, nayo Zanzibar ikakikabidhi kwa meli Coastal Sentry iliyokuwa Bahari ya Hindi. Tunguu hapakuwa na roketi wala hata rada. Palikuwa na antena, redio ya kuzungumzia na rubani, na mitambo ya telemetria, yaani upimaji wa mbali ambao joto, hewa na mapigo ya moyo hugeuzwa kuwa mawimbi huko juu na kuandikwa karatasini huku chini.

Heshima ya kusikilizwa na Tunguu haikuanza na binadamu. Septemba 13, 1961, abiria alikuwa mtambo ulioigiza upumuaji wa mtu, na Novemba 29 mwaka huohuo akapita Enos, sokwe aliyefunzwa kuvuta vishikio kwa kufuata taa, ambaye kwa hitilafu ya swichi alipigwa shoti za umeme hata alipojibu sawasawa, jambo ambalo wanafunzi wa skuli nyingi za zama zile wangelielewa bila ya kufafanuliwa. John Glenn, luteni kanali mwenye umri wa miaka 40, alikuwa basi wa tatu katika foleni.

Chombo chake, Friendship 7, kiliruka kutoka Florida saa 11 na dakika 47 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, na katika mzunguko wa kwanza kikaingia katika masikio ya Tunguu yapata saa 12 na robo. Ilikuwa katikati ya Ramadhani ya mwaka 1381, na kwa saa hiyo muhogo wa nazi umeshaepuliwa, uji umo bakulini na hakuna mwenye hamu ya habari yoyote isipokuwa adhana ya magharibi, iliyokuwa bado nusu saa hivi. Wakati huohuo daktari wa kituo alikuwa akimhoji Glenn kama ana kizunguzungu au kichefuchefu, naye akajibu kuwa hana, kisha akafanya mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira kwa nusu dakika, moyo ukapanda kutoka mapigo 80 hadi 124 kwa dakika na kushuka tena muda mfupi baadaye. Kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, upana wote wa Unguja, ambao ni kiasi cha kilomita 39, huvukwa kwa sekunde 5, na kwa sababu hiyohiyo Glenn aliliona jua likizama kabla ya wafungaji waliokuwa chini yake, akaliona likichomoza muda mfupi baadaye, kisha likazama tena na tena kabla safari yake ya saa 4 na dakika 55 haijamalizika. Mafakihi wangekuwa na la kusema kuhusu msafiri wa namna hiyo, na swali lenyewe halikuwa la mzaha, kwani mwaka 1985 Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia alirushwa angani Ramadhani ikiwa haijaisha.

Simulizi zinazokumbuka kituo hiki hupenda kucheka hofu ya Wazanzibari, kwamba walidhani antena ni mizinga na kwamba Tunguu ingeweza kurusha makombora. Ni kweli kuwa chama cha ZNP, maarufu kwa jina la Hizbu, kilikipinga kituo kwa sauti kubwa, na kwamba katibu mkuu wake, Abdulrahman Mohamed Babu, hakuwa mtu wa kunong'ona. Lakini wachekaji husahau kalenda. Mkataba wa kituo ulifungwa na Marekani na Uingereza mwaka 1960, nchi ikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza, na Mei ya mwaka huohuo ndege ya kijasusi ya U-2 ilikuwa imetunguliwa ndani ya Urusi, ambapo shirika lilelile la NASA lilitoka hadharani kutangaza kuwa iliyopotea ni ndege yake ya kuchunguza hali ya hewa, na hata kuonyesha ndege nyingine iliyopakwa nembo ya NASA ili uongo ukolee. Mtu aliyezisoma habari hizo akafika Tunguu na kuambiwa na shirika hilohilo kuwa hapa ni sayansi tupu, alikuwa na haki kamili ya kukunja uso. Alikosea kuhusu roketi, hakukosea kuhusu desturi ya msemaji.

Mei 1963, Gordon Cooper, rubani wa mwisho wa Mercury, alituma kwa redio salamu za kuitakia heri Afrika, akisema kuwa anapita Zanzibar na kwamba dakika chache nyuma alikuwa juu ya Addis Ababa, ambako mkutano wa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa ukiandaliwa. Pengine hakuna mgeni mwingine aliyewahi kuusalimia mkutano ule bila ya kuomba viza.

Baada ya Cooper kituo kilibaki kikingoja mradi mpya wa Gemini, nayo Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ambayo damu yake haina nafasi katika makala ya kuchekesha, yakawakuta humo wafanyakazi 16, waliokimbilia English Club ya Shangani, jengo linalojulikana leo kama Africa House, kabla ya kuchukuliwa na manowari Manley. Serikali ya Karume, iliyoipindua Hizbu, ndiyo iliyotekeleza dai la Hizbu, kwani Aprili iliamuru kituo kivunjwe, na waziri wake wa mambo ya nje alikuwa Babu yuleyule, aliyekwishahama chama lakini hakuhama msimamo. Gemini ya kwanza, isiyo na rubani, ilirushwa Aprili 8, mwezi huohuo.

Wanaoeleza tukio hilo kuwa ni ukomunisti wa Zanzibar tu wanapaswa kueleza pia kilichotokea Madagaska, ambako kazi ya Tunguu ilihamishiwa: serikali ya huko nayo ilikifunga kituo mwaka 1975, baada ya mabishano yaliyohusu kodi ya pango. Tunguu yenyewe imepata kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, barabara yenye pilikapilika na nyumba zinazoongezeka kila mwaka.