Maradhi ya Miti na Jukumu la Kupanda Upya Molo

Misitu ya kupandwa ya Molo, Elburgon na Londiani nchini Kenya ni zao la reli. Baada ya reli ya Uganda kuvuka milima ya Mau mwanzoni mwa karne ya 20, mitarakwa na mipodo ya asili ilikatwa kwa mbao na kuni za garimoshi. Kuanzia miaka ya 1910, Idara ya Misitu ilijaza mapengo kwa mfumo wa shamba. Familia ziliruhusiwa kulima mahindi, viazi na maharagwe palipokatwa miti, nazo zikapanda na kupalilia miche ya serikali hadi kivuli kilipozuia kilimo.

Miche hiyo ilikuwa ya aina chache za kigeni zinazokua upesi, hivyo ugonjwa mmoja uliweza kuenea shamba zima. Katika miaka ya 1940 na 1950, kuvu inayosababisha donda la gome ilishambulia saipresi ya macrocarpa: gome lilipasuka, utomvu ukavuja, matawi yakakauka. Wapandaji wakahamia saipresi ya lusitanica, iliyostahimili zaidi. Mapema miaka ya 1960 ikawa zamu ya msonobari wa radiata. Kuvu ya Dothistroma, inayostawi penye unyevu mwingi, ilitia mistari myekundu kwenye majani yake kama sindano na kuyapukutisha. Dawa ya shaba ilijaribiwa, lakini hatimaye radiata iliachwa na msonobari wa patula ukashika nafasi yake.

Mwaka 1990 vidukari vya saipresi viligunduliwa Kenya, miaka minne baada ya kuonekana Malawi. Hufyonza utomvu, na majani hukauka kutoka ndani ya matawi kwenda nje. Tiba iliyochaguliwa ilikuwa nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga mayai ndani ya kidukari.

Wakati huo wapandaji hawakuwepo tena. Mfumo wa shamba ulipigwa marufuku mwaka 1987, wakulima wakaondolewa, na sehemu nyingi zilizovunwa zikakaa bila miche. Sheria ya Misitu ya 2005 ilitambua vyama vya jamii vya misitu, na mpango wa PELIS ukafuata: mwanachama hulima kipande kwa ada, hutunza miche, lakini haishi msituni. Sheria ya 2016 iliendeleza ushirikiano huo chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya.

Julai 2023, akiwa Molo, Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya ukataji iliyowekwa 2018, akisema miti iliyokomaa inaozea msituni. Uvunaji unaporejea, kazi ya kupanda nayo huwarudia maafisa wa misitu na wakulima wa vyama hivyo.