Spencer Williams na Sinema za Watu Weusi wa Marekani

Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Ni neno la kweli, lakini halimtaji mtu ambaye kwao amenyimwa uwanja wa kuchezea, wala halimtaji mtu atunzwaye na wageni kwa mchezo ambao watu wa kwao wauonea haya. Mambo hayo mawili yalimpata mtu mmoja, naye ni Spencer Williams, Mmarekani mweusi aliyekuwa mchezaji, mwandishi na mwongozaji wa sinema. Maisha yake yafaa kutazamwa na kila atakaye kujua jinsi historia inavyomhukumu msanii, na kama hukumu hiyo huwa ya haki.

Williams alizaliwa tarehe 14 Julai, 1893, katika mji mdogo wa Vidalia, jimbo la Louisiana, kando ya mto Mississippi. Hajatimiza miaka 3, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Homer Plessy, shauri lililotoka katika jimbo hilo hilo. Hukumu hiyo ya mwaka 1896 ilisema kuwa kuwatenga weusi na weupe si kuvunja katiba, maadamu kila upande wapewa kilicho sawa. Usawa huo haukuonekana, ila utengano ulionekana kila mahali: shuleni, garimoshini, makaburini, na baadaye katika majumba ya sinema. Katika ujana wake Williams alikwenda New York, akatumikia jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha katika miaka ya 1920 akafika Hollywood kutafuta kazi.

Sinema aliyoikuta huko haikuwa rafiki wa watu wake. Mwaka 1915 D. W. Griffith alikuwa ametoa filamu iitwayo The Birth of a Nation, iliyowaonyesha weusi kuwa kama wanyama, na kundi la Ku Klux Klan kuwa mashujaa. Sehemu kubwa za watu weusi katika filamu hiyo zilichezwa na weupe waliojipaka masizi usoni. Jibu la weusi lilikuwa kutengeneza sinema zao wenyewe. Mwaka 1919 Oscar Micheaux alitoa The Homesteader, na baada yake zikafuata mamia ya filamu zilizochezwa na weusi kwa ajili ya watazamaji weusi. Zilionyeshwa katika majumba ya mitaa yao, na pengine katika majumba ya weupe usiku wa manane, wenyewe walipokwisha kwenda kulala. Mara nyingi fedha zilitoka kwa matajiri weupe, nazo zilikuwa chache.

Katika ulimwengu huo Williams alijifunza kazi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliandika na kucheza katika filamu fupi za kuchekesha za kampuni ya Al Christie. Katika miaka ya 1930 alicheza katika filamu za wapanda farasi weusi, kama vile Harlem on the Prairie ya mwaka 1937, na Harlem Rides the Range ya mwaka 1939, ambayo alishiriki kuiandika. Mwaka 1940 aliandika Son of Ingagi, hadithi ya kutisha juu ya daktari aliyerudi kutoka Afrika na dhahabu pamoja na kiumbe nusu mtu nusu nyani. Jina hilo liliazimwa kutoka filamu ya mwaka 1930 iliyojidai kuwa habari za kweli za safari ya Kongo, kumbe ilikuwa uwongo mtupu. Msomaji ajuaye Kinyarwanda atalitambua neno ingagi, yaani sokwe mkubwa wa milimani. Hapa twaona kuwa hata mtu mweusi wa Marekani, aliyeonewa kwa picha za uwongo, aliweza kuiuza picha ya uwongo ya bara la babu zake. Hili tusimfiche, kwani sifa za upande mmoja si historia.

Filamu hiyo ilimpatia nafasi aliyoihitaji. Alfred Sack, mweupe mwenye biashara ya filamu katika mji wa Dallas, alimpa fedha na uhuru wa kuongoza kazi yake mwenyewe. Matunda yake yalikuwa The Blood of Jesus, iliyotolewa mwaka 1941 kwa gharama ya dola 5,000 hivi. Ni kisa cha mke mcha Mungu aliyetoka kubatizwa mtoni, kisha bunduki ya mumewe ikaanguka, ikafyatuka, ikampiga. Roho yake yasimama katika njia panda kati ya Sayuni na Jehanamu, na Shetani amtuma mjumbe kumvuta kwa mavazi na starehe za mjini. Williams mwenyewe alicheza mume. Kwa kukosa fedha za kuijenga mbingu, alitumia vipande vya filamu ya Kiitalia ya mwaka 1911. Lakini nyimbo, ubatizo, na majirani waliokusanyika kando ya kitanda cha mgonjwa vilikuwa mambo ambayo watazamaji wake waliyajua nyumbani kwao. Hapana mtu ndani yake awekwaye ili mweupe amcheke. Watazamaji waliipenda sana, na Williams akaongoza nyingine, miongoni mwazo Marching On! ya mwaka 1943, juu ya askari weusi katika jeshi lililokuwa bado limetenganishwa kwa rangi. Go Down, Death! ya mwaka 1944. Na Juke Joint ya mwaka 1947.

Baada ya vita uwanja huo ulifungwa. Hollywood ilianza kuwapa weusi nafasi kidogo, watazamaji wakahama, na makampuni madogo yakafa. Williams alikuwa akiishi Tulsa, Oklahoma, alipotafutwa kucheza sehemu ya Andy katika mchezo wa televisheni uitwao Amos 'n' Andy. Mchezo huo ulikuwa umeanza redioni mwaka 1928, ambako weupe wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliigiza sauti za watu weusi. Kampuni ya CBS ilianza kuuonyesha mwaka 1951. Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu weusi, kiliupinga mara moja, kikisema kuwa wawaonyesha weusi kuwa wavivu, wapumbavu na walaghai. Mwaka 1953 utengenezaji ulikoma, lakini vipindi vya zamani viliendelea kuonyeshwa hadi mwaka 1966. Yasimuliwa kuwa Williams aligombana na Gosden, aliyetaka kumfundisha namna mtu mweusi anavyosema. Ikiwa ndivyo, basi twaona uchungu wa mtu aliyewahi kuwatungia watu wake maneno, na sasa apewa maneno ya watu wake na mgeni.

Nani alikuwa na haki? Waliopinga walikuwa na haki, kwa sababu televisheni wakati huo ilikuwa na picha chache mno za watu weusi za kuipima hiyo. Mchekeshaji mmoja kati ya wengi ni mchekeshaji tu, bali mchekeshaji aliye peke yake huwa sura ya taifa zima. Wachezaji nao walikuwa na haki ya kula. Kosa ninaloliona ni la wale walioshika funguo za uwanja, waliofungua mlango mmoja tu, tena mwembamba, kisha wakaacha waliokuwa wakisukumana mlangoni walaumiane.

Williams alifariki Los Angeles tarehe 13 Desemba, 1969, akijulikana kwa jina la Andy. Filamu alizoziongoza zilikuwa karibu kusahaulika. Mwaka 1983 shehena ya filamu za watu weusi iligunduliwa ghalani huko Tyler, Texas, na kazi zake zikawamo. Mwaka 1991 The Blood of Jesus iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Basi kwa miaka mingi mtu huyu alihukumiwa kwa ushahidi nusu: kazi iliyotoka kwa wenye fedha ilitunzwa na kurudiwa, na kazi aliyoifanya mwenyewe ilikuwa imefungiwa ghalani. Nasi tunaosoma na kuandika historia yatupasa, kabla ya kutoa hukumu juu ya msanii yeyote, kuuliza kwanza ni kipi kilichohifadhiwa, na ni nani aliyekihifadhi.